Kiti Kilicholalia Kona

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Boliti ikigoma kufunguka, naitukana kwanza, halafu ndiyo naitafutia spana. Mama anajua hivyo, mdogo wangu anajua hivyo, na wateja wanaoniletea pikipiki zao gereji wamezoea. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kile kiti nilikipiga teke siku ile ile kilipoanza kutikisika.

Kiti kilikuwa cha mdogo wangu. Yeye ni dereva wa basi la shule, na watoto wanamwita Anti Breki, kwa sababu hakuna anayesimama ndani ya basi lake likitembea. Ukisimama tu anagusa breki, unajikuta umekaa. Kazi yake anaipenda, lakini roho yake iko kwenye mbio za magari. Chumbani kwake kuna usukani wa mchezo wa kompyuta uliofungwa kwenye meza nzito ya mbao, pedali tatu, na skrini kubwa yenye ufa pembeni. Akitoka kazini anakaa hapo na kukimbiza magari kama mtu aliyeibiwa. Kwenye skrini hana mpinzani.

Mwaka jana timu moja ya mbio ilitangaza majaribio. Waje watu wa kawaida, waendeshe gari la kweli uwanjani, na mmoja atakayefaa apewe nafasi ya kufunzwa. Anti Breki akaenda. Kwenye kona ya tatu gari likamponyoka, likazunguka kama pia, likaishia majanini. Kocha wa timu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akamwambia mbele ya wote, "Binti, wewe unaendesha kwa macho. Mkia wa gari ukianza kuteleza, macho ndiyo ya mwisho kujua. Gari linaendeshwa kwa makalio."

Watu walicheka. Yeye alirudi nyumbani na uso uliojikunja, akaniambia, "Kaka, makalio yangu yatajifunza wapi? Kiti changu ni cha mbao, hakisogei hata nikigonga ukuta."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikamjibu, "Nitakutengenezea kinachosogea."

Laiti ningeumwa jino siku hiyo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na majaribio ya mwaka huu yalikuwa yanakuja. Mdogo wangu aliisubiri nafasi hiyo moja kwa hamu ambayo hata chakula hakikuipata. Nikajipa moyo kwamba mtu anayefufua pikipiki zilizokufa hashindwi na kiti.

Kazi ilianzia chumba cha mbele, anakoshonea mama, maana chumbani kwa Anti Breki hakukuwa na nafasi hata ya kugeuza godoro. Mama ni mshonaji. Alisogeza cherehani yake pembeni, akavuta na lile rundo la nguo za wateja, akauliza nitamaliza lini. Nikasema karibuni. Akauliza karibuni ya watu au karibuni ya mafundi. Nikaenda kuihamishia huko ile meza yenye usukani, pamoja na pedali na skrini.

Nilichomelea fremu ya chuma. Katikati, chini ya kiti, nikaweka kifundo kile kinachounga mhimili wa lori, chenye kuweza kupinda kila upande, ili kiti kikae juu yake kama mtu aliyekalia ngumi. Kiti chenyewe nilikitoa kwenye gari lililogongwa. Nyuma nikafunga mota mbili zinazoendesha waipa za basi, moja kushoto, moja kulia, zivute kiti na kukiinamisha kwa minyororo ya pikipiki. Minyororo ninayo mpaka ya kutupa. Vile vitufe vya kuzungusha vya kuongezea sauti vya redio mbovu nikavifanya vya kuiambia kompyuta kiti kimeinama kiasi gani. Kompyuta inasoma gari linafanya nini kwenye mchezo, inaziamuru mota, kiti kinafuata. Ukieleza hivi inasikika rahisi. Ukishika mikononi, unaona cha mtema kuni.

Mota ya kushoto ilikuwa na nguvu kuliko ya kulia, kiti kikawa kinachechemea. Nikabadilisha. Minyororo ikalegea, kila kona kiti kikasema *kwa!* kama mtu aliyedondosha sufuria. Nikaikaza, ikakatika, kipande kikaruka na kutua kwenye suruali ya bwana harusi wa mtu, na grisi yake yote. Mama aliishika ile suruali kwa vidole viwili, akaniwekea mbele ya uso, akasubiri mpaka nikaenda mwenyewe kutafuta sabuni. Mota zikiwaka pamoja, taa ya chumba ilififia na cherehani yake ikapunguza mwendo. Kuanzia hapo akakiita kiti punda. "Punda wako amekula umeme wangu," aliniambia, na kwa kweli alikuwa amekula.

Siku kilipotikisika kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na mama. Nikakaa, nikashika usukani, nikaingia barabarani. Hapa niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na hakuna aliyelifikiria: mimi sijawahi kuendesha gari. Pikipiki ndiyo miguu yangu tangu nilipoota ndevu. Magari nimepanda, mara chache, na kila mara nikiwa nimenuna. Kwangu gari ni sanduku lenye madirisha.

Basi, kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Nikakata usukani, na kiti, badala ya kulala kushoto kama kitu chenye akili, kikalala kulia! Kikanimwaga nje ya kona. Nilikaribia kuanguka. Nikajaribu tena, kulia tena. Hapo ndipo nilipokipiga teke.

"Kimefanya nini?" mama akauliza bila kuinua macho.

"Kinainama kinyume."

"Basi kigeuze."

Kwenye programu kulikuwa na kisanduku cha kugeuza upande wa kuinama. Nikakibofya mara moja. Nikarudi kwenye kona, kiti kikalalia kushoto, laini, kitamu, kama ninavyolaza pikipiki barabara ikiwa tupu. Nikapiga kelele za furaha mpaka mama akajichoma sindano. Anti Breki alipofika kutoka kazini nilimvuta mkono kabla hajavua viatu.

Alikaa. Akaendesha kona nne, tano. Kisha akaachia usukani, akaziba mdomo, akakimbia nje.

"Ni mazoea tu," nikamwambia akirudi.

"Kuna kitu hakiko sawa."

"Tumbo lako ndilo haliko sawa. Umekula nini?"

Kesho yake akatapika tena, na kesho kutwa. Mama akaleta ndoo ya bluu anayochanganyia rangi za nguo, akaiweka pembeni ya kiti, na pale ndipo ilipohamia. Mimi nikawa nahangaika na kila kitu. Nikapunguza kasi ya mota. Nikaongeza. Nikasema skrini iko karibu mno, tukaisogeza. Nikasema kifundo kinachezacheza, nikakifungua, nikakichomelea upya, nikaunguza mkono. Nikaweka povu chini ya fremu. Kila nikimaliza nilikaa mwenyewe kujaribu, na kila nikikaa kiti kilikuwa raha tupu. Halafu anakaa yeye, na baada ya kona chache namsikia anameza mate, anameza, halafu ndoo.

Hasira zilinipanda. Nasema kweli, zilinipanda. Mtu unakesha na chuma, vidole vimejaa malengelenge, wateja wanakulalamikia, halafu unayemtengenezea anatapikia kazi yako. Siku moja nikamwambia, "Labda wewe hukuumbiwa mbio. Wako wenye matumbo ya basi la shule."

Alinitazama. Alikuwa na ndoo mapajani na macho mekundu. "Sema tena," akasema.

Sikusema tena. Lakini nilikuwa nimeshasema, na kuanzia siku hiyo hakulalamika hata mara moja. Alianza kutafuna tangawizi mbichi, akala kidogo, akakaa kwenye kile kiti kila jioni na kutapika kimya kimya kama mtu anayetimiza adhabu. Mama akaniambia, "Huyu mtoto anakuonyesha wewe, sio kocha." Nikajifanya nina nati ya kukaza.

Na akashinda. Polepole kutapika kukapungua. Akaanza kuinamisha shingo na bega kwenye kona, akifuatana na kiti. Siku moja alirudi kazini akicheka, akasema watoto wamemuuliza, "Anti, unaumwa shingo?" kwa sababu kwenye kila kona alikuwa anainamia dirishani. Tukacheka wote. Nikamwambia sasa mwili wako umeanza kuelewa. Nilijivuna kama jogoo.

Majaribio yalikuwa Jumamosi. Jumatano ya wiki hiyo alimaliza mbio nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kugusa ndoo. Aliruka kutoka kitini, akanikumbatia, grisi na yote. Nikahisi machozi yananilenga na nikajifanya ni moshi wa kuchomelea, ingawa siku hiyo sikuwa nimechomelea kitu.

"Mama, njoo na wewe upande punda," akasema. "Kaa tu, zile mbio nilizomaliza zimerekodiwa. Zitajiendesha zenyewe."

Mama alikataa, akabembelezwa, akakaa, akajifunga khanga vizuri miguuni. Mbio zikaanza. Kona ya kwanza, kiti kikalala. Kona ya pili. Nikaona mikono ya mama inatoka mapajani, inanyooshwa mbele, inapapasa hewa kati yake na usukani, inatafuta kitu. Kwenye kona ya tatu akapiga ukelele. "Zima! Zima hii!"

Nikazima. Akashuka akiwa ameshika ukuta.

"Ulikuwa unatafuta nini mbele?" Anti Breki akamuuliza, mbavu hana kwa kucheka.

"Kiuno cha kaka yako!" mama akasema kwa hasira. "Kama nimepanda nyuma ya pikipiki yake. Vile vile! Analala na wewe mpaka unaona lami iko sikioni. Niliapa sipandi tena, sasa mmeniletea ndani ya nyumba."

Akarudi kwenye cherehani. Anti Breki bado anacheka. Mimi sikucheka.

"Hebu niambie," nikamuuliza mdogo wangu, "ukikata kona ya kushoto na basi, watoto wanaangukia wapi?"

"Kulia," akasema. "Wapi tena?"

Mama aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Gari halilali. Kila mtu aliyewahi kupanda gari anajua. Gari likikata kushoto, mwili unasukumwa kulia. Pikipiki ndiyo inayolalia kona. Ile siku ya kwanza kiti kilikuwa sahihi. Kilikuwa sahihi kabisa, mimi nikakipiga teke na kukigeuza, kwa sababu mwili wangu haujui kitu kingine. Na mdogo wangu, ambaye tumbo lake lilijua ukweli tangu kona ya kwanza, nilimwambia hakuumbiwa mbio.

Nilimweleza yote. Sikuzunguka. Alisikiliza akiwa amesimama, na kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo mpaka hakikubaki.

"Kwa hiyo nilipokuwa natapika," akasema, "nilikuwa sawa."

"Ndiyo."

"Na leo sitapiki."

"Ndiyo."

"Kwa sababu umeshaniharibu."

Alichukua ile ndoo ya bluu. Nikadhani atanitupia, na ningemruhusu. Akaiweka tena chini pembeni ya kiti, taratibu, akakaa, akafunga mkanda.

"Geuza," akasema.

Nikabofya kile kisanduku. Kubofya mara moja tu. Kazi ya kuniaibisha ilikuwa nyepesi hivyo.

Kona ya kwanza kiti kikamtupa kulia wakati shingo yake imeshainama kushoto. Akagonga ukuta. Kona ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akatapika. Akapangusa mdomo, akaanza upya. Alhamisi akatapika. Ijumaa akatapika. Mimi nilikuwa nashika ndoo, maana sikuwa na kazi nyingine yenye maana, na kila alipoinama hasira yangu haikuwa na wa kumpiga. Ijumaa jioni alikuwa anapata kona tatu kati ya tano. Zile mbili mwili wake ulikuwa bado unapanda pikipiki.

Jumamosi tulikwenda uwanjani kwa gari tuliloazima kwa mjomba wetu, yeye akiendesha, mimi pembeni. Nilikaa nimekumbatia kofia yake ya mbio, roho mkononi.

Kila mmoja alipewa mizunguko mitatu. Kocha alikuwa ameketi kando ya dereva, na sisi ndugu na jamaa tumesimama nyuma ya uzio. Mzunguko wa kwanza Anti Breki aliendesha kwa woga. Wa pili akaachia gari. Nikamwona anaingia ile kona ya tatu, ya mwaka jana, kwa mwendo uliomfanya kijana mmoja kando yangu, mshindani aliyeshamaliza zamu yake, apige mluzi. Mkia ukaanza kutoka. Nilimwona, naapa nilimwona, kichwa chake kiliinama kushoto. Kidogo tu, kama kwenye basi. Kisha kikanyooka, mikono ikarudisha usukani, lakini ule muda mdogo ulikuwa umeshapotea. Gari likazunguka. Likaishia kwenye majani yale yale.

Mzunguko wa tatu aliendesha vizuri kuliko wote. Mkia ulitoka kwenye kona ile ile, akaudaka kabla hata mimi sijaona, akapita. Lakini karata ilikuwa imeshachezwa. Nafasi alipewa kijana wa mluzi, ambaye gari halikumponyoka hata mara moja.

Kocha alimfuata Anti Breki kwenye uzio, mimi nikiwa nimesimama hapo kama mwizi aliyerudisha mali. "Mwaka jana gari lilipokuponyoka hukujua mpaka umeliona," akamwambia. "Leo ulijua mapema. Nilikuwa pembeni yako, nimehisi. Halafu mwili ukataka kwenda upande usiofaa, ukagombana nao. Hicho kitu umekitoa wapi?"

Nikafumba macho. Nilisubiri mdogo wangu anitaje, na nilistahili.

"Mazoezi mabaya," akasema.

"Basi yaache. Uje mwakani."

Tulikaa kwenye gari la mjomba mpaka maegesho yakabaki matupu. Yeye alishika usukani bila kuwasha. Nikaanza kuomba radhi, nikajikwaa, nikaanza tena. Nikamwambia kiti nitakivunja, nitakitengeneza upya, mota nyingine, kila kitu kingine, mwakani utakuwa na kiti ambacho hata timu yenyewe haina.

"Kiti hakina ubaya," akasema. "Kiti kilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Aliyekosea ni mwingine."

Akashuka. Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wangu, akasimama.

"Hamia kule."

"Wapi?"

"Kwenye usukani. Mwaka mzima nitakaa juu ya kitu chako. Huwezi kunitengenezea gari hali hulijui."

"Mimi na magari—"

"Kaka. Hamia."

Nikahamia. Akanionyesha klachi, akanionyesha gia, kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wa shule. Gari likaruka, likazimika. Nikalitukana, akaniambia nisiongee na gari. Mara ya tatu likaondoka. Tukavuka yale maegesho, mistari myeupe ikipita chini yetu, na mwishoni kulikuwa na ukuta na njia ya kukata kushoto. Nikakata. Mwili wangu wote, kichwa, shingo na bega, ukalalia kushoto kama kawaida yake, na gari likanisukuma kulia, likanikatalia.

Akanishika bega, akaninyoosha.

"Kaa wima," akasema. "Tena."

Nikakata tena. Akaninyoosha tena. Kwenye kona ya nne nikaachia usukani, gari likazimika, nikafungua mlango na kutapika juu ya mstari mweupe. Nilipoinua kichwa alikuwa ameninyooshea kipande cha tangawizi.

"Vizuri," akasema. "Sasa washa."